Dameji Hupiga kwa Pamoja: Kuhesabu Pambano kwenye Magic: The Gathering

Mtu aliyekulia kwenye drafti ya kijiweni akikaa mara ya kwanza mbele ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering huja na mazoea yake: mwenye zamu anakula, mwenzake analiwa, zamu inageuka. Kwenye karata ni yaleyale, turufu ikishuka aliyepigwa hana la kusema. Magic haiendi hivyo. Kiumbe anayeshambulia na kiumbe anayemkaba wanapigana kwa mpigo mmoja, na mara nyingi wote wawili huishia makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokufa. Ubishi mwingi unaosikika mezani, iwe Sinza, Mikocheni au nje ya duka la juisi penye meza ya plastiki, unatokana na hapo: watu wanahesabu dameji kwa zamu, ilhali sheria inaipiga yote kwa pamoja.

Maelezo haya ni ya mtu anayejua ya mwanzo: ardhi inatoa mana, mana inalipia kadi, kila mchezaji anaanza na uhai 20, na akifika 0 ameshindwa. Yaliyobaki ni pambano lenyewe.

Tuelewane maneno

Kadi za Magic hazichapwi kwa Kiswahili, kwa hiyo kila meza imejitungia msamiati wake. Hapa dameji ni dameji, yaani madhara anayopata kiumbe au mchezaji anapopigwa. Kukaba ni kile anachofanya kiumbe wa upande unaoshambuliwa anapomsimamia mshambuliaji, kama beki tu, na huyo ndiye mkabaji. Kulaza kadi ni kuigeuza ubavu kuonyesha imetumika. Kuiinua ni kuirudisha wima. Kadi za papo ni zile unazoweza kuzicheza hata katikati ya pambano, hata kwenye zamu ya mwenzako.

Kwenye kona ya chini kulia ya kila kiumbe kuna namba mbili. Ya kwanza ni nguvu, yaani dameji anayotoa. Ya pili ni uimara, yaani dameji inayotosha kumuua. Grizzly Bears ni 2/2: anatoa 2, na akipata 2 anakufa. Kiumbe mwenye nguvu 0 hatoi dameji yoyote, hata ya 0, kwa hiyo uwezo unaosema "akitoa dameji" haumhusu.

Hatua tano, na kila moja inafungia mlango wake

1. Mwanzo wa pambano.
2. Kutangaza washambuliaji.
3. Kutangaza wakabaji.
4. Dameji.
5. Mwisho wa pambano.

Hatua ya kwanza watu huiruka kana kwamba haipo, na wanailipia. Hapo ndipo nafasi ya mwisho ya kumlaza kiumbe wa mpinzani ili asishambulie. Ukisubiri mpaka aseme "nashambulia na huyu", umechelewa: mshambuliaji hulala kwa kule kushambulia kwenyewe, na kumlaza aliyekwisha kulala hakubadilishi kitu. Upande wa pili nao vilevile. Wewe mwenye zamu ukitaka kuwalaza wakabaji wa mwenzako, fanya hapa au mapema zaidi, kwa sababu kiumbe aliyelala hawezi kukaba. Akishatangazwa kuwa mkabaji, kumlaza hakumtoi pambanoni, na dameji yake ataitoa vilevile.

Washambuliaji hutangazwa wote kwa mara moja. Hakuna kutuma mmoja kwanza, kuangalia anavyokabwa, halafu kuongeza wa pili. Kila mmoja anapewa anakokwenda palepale: kwa mchezaji, au kwa kadi ya aina ya Planeswalker (mshirika wa mchezaji anayekaa mezani) au Battle kama ipo, na hakuna kubadilisha njiani. Kiumbe lazima awe mezani upande wako tangu zamu yako ilipoanza, isipokuwa ana uwezo wa Haste. Sharti hilo ni la kushambulia tu. Kiumbe aliyeingia mezani dakika hii anaweza kukaba bila shida yoyote, na wageni wengi wanapoteza uhai bure kwa kutokulijua hilo.

Kwenye hatua ya tatu kila mkabaji anamsimamia mshambuliaji mmoja, lakini wakabaji wawili, watatu au zaidi wanaweza kumzonga mshambuliaji mmoja. Mwenye Flying hukabwa na mwenye Flying au Reach pekee. Mwenye Menace hakabwi na mmoja, lazima wawe wawili au zaidi. Halafu kuna jambo moja la kushika kichwani: mshambuliaji akishakabwa, amekabwa. Mkabaji akifa kabla ya dameji, au mwenyewe akimtoa kafara (kumpeleka makaburini kwa hiari), mshambuliaji hapati upenyo wa kumfikia mchezaji. Anabaki amesimama, hapigi mtu. Ndiyo maana kiumbe mdogo wa 1/1 anaweza kukuokoa na jitu la nguvu 6.

Wakabaji wakishatangazwa na kabla dameji haijapigwa, kila mchezaji anapata nafasi ya kucheza kadi za papo. Hilo ndilo dirisha la thamani kuliko yote katika pambano. Chukua Giant Growth, kadi ya papo ya mana moja ya kijani inayompa kiumbe +3/+3 hadi mwisho wa zamu. Ukiicheza kabla ya wakabaji kutangazwa, mpinzani anaona kiumbe wako wa 2/2 amekuwa 5/5 na anaamua kwa raha zake: akabe na nani, au aache tu apate 5. Ukiicheza baada ya wakabaji, ameshajifunga. Kubana mpaka hapo si ujanja wa mjini, ni kucheza sawasawa tu.

Ila kuna hatari moja. Kadi za papo hupangana kama sahani: ya mwisho kuwekwa juu ndiyo inayotekelezwa kwanza. Ukiweka Giant Growth juu ya dubu wako wa 2/2, mpinzani anaweza kujibu kwa Lightning Bolt, dameji 3, wakati dubu bado ni 2/2. Dubu anakufa, Giant Growth inapoteza shabaha yake, na umepoteza kadi mbili kwa moja yake. Kama ardhi nyekundu ya mwenzako iko wima, fikiria mara mbili.

Hatua ya nne ikifika, mlango umefungwa. Dameji inagawanywa, inapigwa, na katikati ya kugawa na kupiga hakuna anayeruhusiwa kuchomeka kitu. Zamani haikuwa hivi. Kuanzia 1999 hadi Julai 2009 dameji yenyewe ilikuwa inapangwa juu ya sahani kama kadi nyingine, na mtu angeweza kumtoa kafara kiumbe wake huku dameji ya kiumbe huyo ikiendelea na safari. Ukikutana na mchezaji wa enzi hizo akidai kiumbe aliyekufa bado anapiga, hakudanganyi. Anakumbuka sheria iliyokufa.

Kugawa dameji wakabaji wanapokuwa wengi

Hapa ndipo penye nyama, na ndipo maelezo mengi ya zamani yanapokupoteza.

Weka Craw Wurm mezani, 6/4, anashambulia. Mpinzani anamkaba na viumbe wawili: Grizzly Bears 2/2 na Giant Spider 2/4. Hakuna aliyecheza kadi ya ziada. Mshambuliaji ana dameji 6 za kugawa: 2 kwa dubu na 4 kwa buibui zinatosha kamili, wote wanakufa. Lakini kwa wakati huohuo dubu na buibui wanatoa 2 na 2, jumla 4, na uimara wa Craw Wurm ni 4. Naye anakufa. Viumbe watatu wanakwenda makaburini kwa pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Mtu wa drafti hapo ndipo anaposimama na kuuliza, "Sasa nani kala?" Wameliwa wote.

Rudia picha hiyohiyo, ila safari hii mpinzani, baada ya kukaba, anacheza Giant Growth juu ya dubu. Dubu sasa ni 5/5. Craw Wurm atapata 5 na 2, atakufa tu. Swali ni atakufa na nani. Mwenye Craw Wurm anagawa 6 zake anavyotaka: anaweza kuweka 5 kwa dubu na kumuua, 1 ipotelee kwa buibui, au 4 kwa buibui na kumuua, 2 zilizobaki kwa dubu zisimfanye kitu. Wote wawili hawawezi, kwa sababu ingehitajika 9.

Neno la kushika hapo ni *anavyotaka*. Tangu toleo la Foundations, lililotoka Novemba 2024, mshambuliaji hapangi tena wakabaji kwa foleni. Kati ya 2009 na 2024 alilazimika kutangaza mpangilio mara tu baada ya kukabwa: huyu wa kwanza, yule wa pili, na hakuweza kumgusa wa pili mpaka wa kwanza agawiwe dameji ya kumtosha kufa. Katika mfano wetu, kama alikuwa amemtanguliza dubu, Giant Growth ingembana: kwanza 5 kwa dubu, na 1 tu ibaki kwa buibui. Buibui angepona bila wasiwasi. Sasa mshambuliaji anagawa baada ya kuona kadi zote za papo zimekwisha, na anaweza hata kutawanya dameji bila kumuua yeyote, kama ana kadi ya kuwamalizia baadaye.

Kwa hiyo kuzonga mshambuliaji kwa wakabaji wawili huku umebana kadi moja mkononi kumepungua utamu kuliko zamani. Bado kunafaa, ila usitegemee kumwokoa yule wa pili kwa kumkuza wa kwanza. Video na maelezo ya kabla ya Novemba 2024 yatakufundisha foleni, yaache. Sheria mpya inafanya kazi pande zote mbili, yaani hata kiumbe mmoja mwenye uwezo wa kukaba washambuliaji wawili anagawa dameji yake kati yao apendavyo.

Mezani, mwenye zamu ndiye anayetamka mgawo wake kwanza, kisha anayeshambuliwa. Itamke kwa namba, "dubu 2, buibui 4". Ukisema "nawaua wote" bila hesabu, mwenzako atangoja ukosee.

Kufa, na dameji inayobaki mwilini

Dameji ikishapigwa, mchezo unakagua hali ya meza wenyewe, bila mtu kuuomba. Kiumbe aliyepata dameji sawa na uimara wake au zaidi anaangamizwa. Kiumbe ambaye uimara wake umeshuka hadi 0 anakwenda makaburini pia, lakini yeye haitwi ameangamizwa, na tofauti hiyo si ya maneno tu: uwezo wa Indestructible unamwokoa kiumbe na dameji, haumwokoi na uimara wa 0.

Dameji isiyotosha kuua haifutiki pambano likiisha. Inabaki juu ya kiumbe mpaka mwisho kabisa wa zamu. Giant Spider aliyepata 3 anaonekana mzima, ila 1 yoyote kabla zamu haijaisha inammaliza. Weka dadu au punje ya kunde juu ya kadi kuonyesha. Watu wanaotunza kichwani husahau, halafu kila mmoja anakumbuka kinachomfaa.

Mwisho wa zamu, dameji inafutika kwa wakati uleule ambapo mambo ya "hadi mwisho wa zamu" yanakoma. Dubu aliyekuzwa na Giant Growth kuwa 5/5 akapata 4, hafi anaporudi kuwa 2/2, kwa sababu zile 4 zimeondoka pamoja na ukubwa wake.

Lakini ukubwa ukitokana na kadi nyingine iliyoko mezani, mambo ni mengine. Elvish Archdruid ni 2/2 na anawapa Elf wenzake +1/+1, kwa hiyo Llanowar Elves wa 1/1 anakuwa 2/2 akiwa karibu naye. Wote wawili wanashambulia, wote wanakabwa. Archdruid anapata 2, Llanowar Elves anapata 1. Ukaguzi wa kwanza: Archdruid anakufa, Llanowar Elves ana dameji 1 juu ya uimara 2, amepona. Mchezo unakagua tena. Sasa hakuna Archdruid, Llanowar Elves ni 1/1 mwenye dameji 1. Naye anakwenda. Kabla ya kumtuma kiongozi wa kundi vitani, hesabu na waliobeba dameji kwa mgongo wake.

Pigo la kwanza na pigo mara mbili

Kadi ikiandikwa First strike, kiumbe huyo ana pigo la kwanza. Ikiwa kuna hata mmoja mwenye First strike au Double strike pambanoni, hatua ya dameji inagawanyika kuwa mbili. Kwanza wanapiga wenye uwezo huo peke yao. Meza inakaguliwa, waliokufa wanaondoka. Kisha wanapiga waliobaki.

White Knight ni 2/2 mwenye pigo la kwanza. Akikabwa na Grizzly Bears, dubu anakufa kabla hajanyanyua mkono na Knight hana hata mkwaruzo. Akikabwa na Giant Spider 2/4, anampiga 2, buibui hafi, kisha buibui anajibu 2 na Knight anakufa. Pigo la kwanza haliongezi dameji, linawahi tu. Wanaolinunua wakidhani ni ngao huumia hapo.

Thamani yake kubwa imejificha katikati ya zile hatua mbili, kwa sababu hapo wachezaji wanapata tena nafasi ya kadi za papo. Knight amempiga buibui 2. Kabla ya hatua ya pili unacheza Lightning Bolt, 3 juu ya zile 2, jumla 5 kwa uimara 4. Buibui anaondoka bila kujibu. Bolt peke yake isingemuua, Knight peke yake asingemuua. Wanaocheza kwenye simu kwa MTG Arena hupitwa na nafasi hii mara nyingi, maana programu husonga mbele yenyewe usipoiwekea kituo, mezani ni wewe wa kusema "subiri, kabla ya pigo la pili."

Kumpa kiumbe pigo la kwanza baada ya hatua ya kwanza kupita hakumnyimi kupiga kwenye ya pili, ila hakuna alichowahi. Na kumvua pigo la kwanza aliyekwisha kupiga hakumpi nafasi ya kupiga tena.

Double strike ni kupiga kwenye hatua zote mbili. Fencing Ace ni 1/1 mwenye uwezo huo. Asipokabwa anatoa 1 na 1. Mpe Giant Growth kabla ya pigo la kwanza, anatoa 4 na 4, jumla 8. Mpe katikati, ni 1 na 4, jumla 5. Akikabwa na dubu naye amekuzwa mapema, anamuua dubu kwenye pigo la kwanza, na la pili linapotea hewani, kwa kuwa alishakabwa na hana wa kumpiga.

Kinachomwagika na kinachoua kwa kugusa

Uwezo wa Trample unaruhusu dameji inayozidi mahitaji ya mkabaji imwagikie mchezaji. Colossal Dreadmaw ni 6/6 mwenye Trample. Akikabwa na Wall of Omens 0/4, lazima agawe angalau 4 kwa ukuta, na 2 zinamfikia mchezaji. Kuwapa wakabaji zaidi inaruhusiwa. Kuwapa pungufu hapana, kama unataka hata 1 ipite.

"Ya kutosha kuua" huhesabiwa kwa karatasi, si kwa kitakachotokea kweli. Darksteel Myr ni 0/1 na haangamizwi. Akimkaba Dreadmaw, 1 inatosha kwa hesabu ya mgawo, 5 zinapita, na Myr anabaki hai akikutazama. Dameji ambayo mkabaji ameibeba tayari nayo inahesabiwa: ukuta wa uimara 4 uliopigwa 3 mapema zamu hiyo unahitaji 1 tu.

Mkabaji akiondoka kabla ya dameji, mwenye Trample anapeleka yote kwa mchezaji. Kumbuka yule 1/1 wa kutoa kafara. Mbele ya Trample hakusaidii. Na Trample inayoelekezwa kwa Planeswalker haimwagikii mchezaji aliye nyuma yake. Ziada inaishia kwenye Planeswalker huyo.

Deathtouch maana yake dameji yoyote, hata 1, inatosha kuua kiumbe. Typhoid Rats ni 1/1 wa mana moja, na anamkaba Dreadmaw bila woga: panya anakufa, Dreadmaw naye anakufa, ingawa 5 zimekwisha kupita kwa mchezaji. Changanya Deathtouch na Trample kwa kiumbe mmoja, na kila mkabaji anahitaji 1 tu. Dreadmaw aliyepewa Deathtouch mbele ya ule ukuta wa 0/4 anaweka 1, anapitisha 5. Huo ndio mchanganyiko unaowaliza watu.

Lazima dameji ifike, lakini. White Knight ana kinga dhidi ya rangi nyeusi, na panya yule ni mweusi. Knight akimkaba panya, dameji ya panya inazuiwa yote, na isiyofika haiui.

Uhai unaorudi

Lifelink inamrudishia mwenye kiumbe uhai sawa na dameji iliyotolewa, na inarudi *pamoja* na dameji, si baada yake. Una uhai 3. Mpinzani anashambulia na viumbe wawili: mmoja wa nguvu 4 unamwachia, mwingine unamkaba na Vampire Nighthawk, 2/3 mwenye Lifelink. Unapata 4, unarudishiwa 2, na ukaguzi unakukuta una 1. Mzima. Ungekuwa na uhai 2, hesabu ingekufikisha 0, na hapo mchezo umekwisha. Ile hoja ya "nilifika chini ya sifuri kwanza" haina mashiko, kwa sababu hakuna kwanza.

Kwa mantiki hiyohiyo, wachezaji wote wawili wakifika 0 kwenye ukaguzi mmoja, ni sare.

Meza yenyewe

Andika uhai kwenye daftari, safu mbili, kila badiliko mstari mpya. Dadu ya pande 20 inapendeza ila mkono ukiigonga hakuna anayejua ilikuwa ngapi, na panga boi ikiwa juu ya meza hata kadi zenyewe zinahama. Kadi za kumeta ndizo mbaya zaidi Dar: karatasi inanyonya unyevu wa pwani, ule utando wa juu haunyonyi, na kadi inajikunja kama kipande cha gome. Iliyojikunja haitulii mezani, inajigeuza nusu, na papo hapo mnabishana kama kiumbe alikuwa amelala au yu wima. Ivike mfuko wa plastiki unaobana, na boksi la kuhifadhia liwe na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Mkicheza Commander, aina ya Magic ambako kila mtu ana kiongozi wake aitwaye kamanda na anaanza na uhai 40, daftari linahitaji safu za ziada. Mchezaji aliyepata jumla ya dameji 21 ya pambano kutoka kwa kamanda mmoja ameshindwa, hata kama uhai wake ni 60. Kila kamanda anahesabiwa kivyake: 12 za huyu na 10 za yule hazijumlishwi. Dameji ya kadi za papo au ya uwezo mwingine wa kamanda haiingii humo, ni ile ya hatua ya nne tu. Na kamanda akifa akarudi mezani, hesabu yake haianzi upya, kwa hiyo usiifute safu.